Alama ya Begani Iliyosuguliwa kwa Jivu

Mwanangu Rehema, hujambo?

Kosa la wengi wanaokusanya alama za vyeo vya maafisa wa Kijerumani wa zamani ni kuzing'arisha. Huku Kimamba, Bibi Mwanaidi ana moja ya begani, iliyookotwa na babu yake kwenye shamba la mkonge. Kila sikukuu huisugua kwa jivu na limau, hata rangi ya fedha imebanduka.

"Shikamoo bibi. Mbona umeisugua hivi?" nikamwuliza.

"Marahaba. Sasa mzee, wageni niwaonyeshe uchafu?"

Mshono wa nyuma umesalia, nao unafanana na wa ile yangu niliyoiacha nyumbani. Naamini ni jozi.

"Nionyeshe pacha wake, ndipo uichukue," kasema nilipomwomba aniachie.

Siondoki bila hiyo. Mvua inanyesha, mlenda wa huku mtamu. Nawapenda, wabusu wajukuu.

Leo fungua kabati langu, piga picha nyuma ya ile yangu, unitumie.