Niletee Shamsia

Misugusugu, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho bado kinatembea kivyake. Naandika kwa sababu kwenye simu napotea katikati ya maneno, karatasi inanisubiri.

Tangu ile pikipiki iniangushe, mwaka sasa, watu siwasahau, ila napoteza kipi kinatangulia kipi. Jana niliosha mchele mara tatu, kisha nikasimama na kitunguu mkononi, asubuhi ikapita mbele yangu kama wingu. Daktari anasema ubongo uliumia pale panapopanga mambo.

Lakini namtaka mwanangu, mama. Niletee Shamsia.

Mwanao,
Hajra

Marui, 20 Februari 2024

Mwanangu Hajra,

Marahaba. Mguu unavumilika. Shamsia hajambo, kang'oka jino. Anasema usingizini huwa unamsuka nywele, akiamka anajishika kichwa.

Lakini Idi iliyopita uliwasha gesi ukaenda dukani, pazia likaungua. Nikimleta, nitapataje usingizi? Usinikasirikie.

Mama yako

Misugusugu, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilikasirika, kisha nikaona ulisema kweli.

Dada wa kliniki amenifundisha kuandika kila kazi hatua kwa hatua na kuzibandika ukutani: maji, kiberiti, sufuria. Nikimaliza moja naifuta. Jiko likiwaka sivuki mlango. Siku nyingine nakwama, ukuta unaniangalia nami nauangalia. Ila tangu Machi sijaunguza kitu.

Njoo na Shamsia siku tatu. Usinisaidie, tazama tu.

Hajra

Marui, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Hamjambo nyote wawili? Mimi nimefika salama, barabara mbovu vilevile.

Sikukwambia. Ile siku ya pili ulipokwama na maharage, nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akiuliza, "Mama, sasa tunafanya nini?" Ukamjibu, "Sijui bado. Ngoja tusome." Mkono wangu ulishika kitasa. Nikauondoa. Mkasoma pamoja polepole, kama watu wanaoimba, na chakula kikaiva. Ndiyo maana asubuhi ya kuondoka nilibeba mfuko wangu tu, wa Shamsia nikauacha kwako.

Nyumba huku imenyamaza. Nikiota jua mchana, nasikia miguu yake uani, nageuka.

Ameacha kandambili zake. Nimeziosha, lakini sizitumi. Mnunulie nyingine, hizi niachie.

Mama yenu