Amani Mliyoila Bila Wekesa

Lodwar, Turkana

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali ile dawa niliyotuma. Mama naye, kifua kimetulia? Mwambie vumbi la huku linatukohoza sote, asidhani anakohoa peke yake. Mimi ni mzima. Kazi ya jikoni ni ile ile, githeri mchana na ugali jioni, na wanafunzi wanalalamika kuhusu vyote viwili. Mvua hatujaiona.

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Nikitaja Wekesa, unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao, Baba, na mwalimu wetu mmoja anayekuja pande za huko kwa ruhusa ya siku chache ameahidi kukukabidhi mkononi. Isome kwanza ukiwa peke yako. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini uimalize.

Uliniambia kwamba ndugu yangu anakuja huku kutafuta kazi, nami nikaamini. Nilimpokea kwa furaha nikamwombea kazi ya kupasua kuni hapa shuleni. Anaifanya vizuri, ila hali chakula. Akiweka tonge la kwanza mdomoni anatoka nje. Siku tulipochinja mbuzi wa wageni, alimsikia mnyama akilia, akatupa shoka na kwenda nyuma ya tangi la maji. Nilimkuta ameziba masikio, mtu mzima mwenye ndevu. Nikamtania, "Kati yako na mbuzi, ni nani anachinjwa?" Hakucheka. Alianza kulia, kisha akaniambia yote.

Sijui kama wewe uliambiwa yote. Mtamba wa jirani yetu alipopotea, vijana wa kwetu walimkuta Daudi, mtoto wa Mama Daudi wa ng'ambo ya mto, akipita njia ya shambani na kamba mkononi. Ilikuwa kamba ya kufungia kuni. Angekuwa mmoja wetu, wangemuuliza. Kwa kuwa ni wa kabila lile lingine, hakuna aliyemuuliza, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Wekesa alikuwa miongoni mwao, na rungu mkononi. Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Dada, aliniona. Akaniita jina. 'Wekesa, ni mimi Daudi, si unanijua? Si tulikuwa tunachunganga ng'ombe pamoja?' Wengine walikuwa wameanza kurudi nyuma. Ni mimi nilimgonga ile ya mwisho. Nilitaka tu anyamaze."

Mtamba alipatikana kesho yake kwenye mahindi ya shule ya huko kijijini, tumbo limevimba kwa kushiba.

Baada ya kusikia hayo nilimpigia senge Robai, maana huyo dada yako hawezi kuficha hata bei ya nyanya. Ndiye aliyenieleza kuhusu kondoo wa upatanisho. Kwamba wewe, mwenyekiti wa kamati ya amani, uliwakalisha wazee wa pande zote mbili, mkanawa mikono katika karai moja, mkala nyama, mkaomba. Polisi wakaambiwa hakuna aliyeona kitu. Nawe ukasimama ukasema kwamba shetani alipita katikati yetu na sasa ameondoka.

Shetani, Baba? Shetani alikuwa na rungu?

Ni wewe uliyetufundisha, tukiwa tumekaa jikoni kwa Mama, kwamba damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali chungu kimoja wala hawaombani moto hadi kondoo achinjwe. Na kwamba kisu hakimgusi kondoo huyo kabla aliyeua hajasimama mbele ya waliofiwa na kusema kwa kinywa chake, "Ni mimi." Baada ya vita vya uchaguzi uliwarudisha makwao watu waliokuja kupatanishwa, wakiwa wameshawasha moto na sufuria ziko tayari, kwa sababu waliochoma nyumba hawakuja kusema. Walikuita mkaidi. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na nilikuonea fahari hadi kifua kikaniuma. Safari hii aliyepaswa kusema alikuwa huku kwangu akipasua kuni, na kondoo akachinjwa vivyo hivyo.

Najua uliogopa. Uliogopa vijana wa ng'ambo wasije na viberiti, tukimbie tena na magodoro kichwani. Na ni mwanao. Sitajifanya kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini Daudi alikuwa na haki ya kuulizwa ile kamba ni ya nini. Haki ndogo kiasi hicho. Na mama yake ana haki ya kujua ni mkono wa nani. Zile semina mnazoitiwa Kakamega mjini, mnakopewa kofia na soda, sijui huwa wanawafundisha haki gani nyingine kama si hiyo.

Senge anasema Mama Daudi alinawa kama wengine. Alipopewa nyama aliishika tu kiganjani. Watu waliposimama kuomba, aliuliza, "Na sasa nikikutana na huyo mtu soko ya Lumakanda, nitamjua aje? Nitakuwa namsalimianga tu?" Mzee mmoja akamjibu, "Mama, hiyo mambo imeisha." Akaifunga ile nyama kwa jani la ndizi akaondoka nayo. Hakuna aliyemfuata.

Kisha ukatuma ujumbe kwamba mambo yameisha na Wekesa anaweza kurudi. Alianza kukunja nguo zake. Nikamwambia ni sawa, ila akifika apitie kwanza kwa Mama Daudi amwombe maji ya kunywa. Akaketi kitandani na shati mkononi.

"Siwezi, dada."

"Basi hayajaisha."

Tumeongea sana tangu siku hiyo. Sasa anasema yuko tayari kwenda kwa Mama Daudi, na kutoka hapo kituo cha polisi, lakini lazima wewe umwambie. "Baba akisema niende, nitaenda. Akisema ninyamaze, siwezi kumuaibisha mbele ya watu." Kwa hiyo ameliweka jambo hili kinywani mwako, na huo ni mzigo mbaya kumpa mzazi. Nimemwambia hivyo pia.

Usidhani moyo wangu ni jiwe. Namwogopea jela. Ndiye niliyembeba mgongoni hadi nikapinda. Nimelia nikisonga ugali, wapishi wenzangu wakalaumu moshi. Wala sina hakika kwamba watu wa ng'ambo watatulia wakilisikia jina lake. Huenda wakaja na viberiti vyao. Lakini hii amani mliyonayo sasa, Mama Daudi ndiye anayeibeba, na amebebeshwa bila kuulizwa, kama vile mwanawe hakuulizwa.

Nitasubiri hadi shule ifungwe. Ukimwambia Wekesa aje, nitamleta mwenyewe. Tutaanzia kwa yule mama kabla ya polisi, naomba nawe uje usimame pale, kwa sababu bila wewe miguu yake itakataa. Ukimwambia anyamaze, nitakuja peke yangu na kusema mimi. Utaniita msaliti, na sitakujibu. Lakini nitakuwa nimesema.

Nisalimie Mama, na umweleze haya polepole, akiwa ameshakula. Msalimie senge Robai, na usimgombeze, ni mimi niliyembana. Msalimie mjomba anayepiga ngoma kanisani, na mke wa kaka yetu mkubwa aliyejifungua juzi. Mtoto nitamwona nikija.

Mama Daudi usimpelekee salamu zangu. Mwambie tu kwamba kuna mtu wa nyumba yetu yuko njiani, na anakuja na jina.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda kama zamani na kukuogopa kidogo kuliko zamani,

Nafula