Machine Ilijua Sababu

Yaya Kavuo, dada yangu mukubwa,

Huku Bulengera mvua inanyesha, maharagi yamechanua. Wewe na batoto huko Beni muko namna gani?

Yaya, ninajichukia. Ile programme ya kuandikisha bagonjwa, niliyotengenezea dispensaire ya hapa kwetu, ilianza kujibu infirmière, muuguzi wao, neno moja tu: "Imekatala." Kumbe disque, mahali machine inatunza faili, ilikuwa imejaa. Machine iliambia programme yangu waziwazi: hapana nafasi. Mimi ndiye nilitupa ile sababu, nikaandika "Imekatala" kwa kila kosa, kwa uvivu. Uchafu mutupu!

Mama alienda kuchukua dawa yake ya tension, ile damu ya kupanda. Alienda kwa miguu siku tatu mufululizo, na kila siku jina lake likakataliwa. Infirmière akataka kumupa dawa na kumuandika kwa mukono kwenye cahier, daftari yake. Mama ndiye alikatala: "Hapana, binti yangu. Machine ya Mathe wetu haidanganyi. Kama imenikatala, iko na sababu."

Siku ya ine mukono wake wa kuume ulikufa, mudomo ukapinda. Njoo, yaya.

Jana nilifuta faili za zamani kwenye ile disque. Dakika mbili tu, jina lake likaingia.

Na ule mudomo uliopinda ungali unaambia bageni: "Mutoto wangu ndiye alitengeneza ile machine."

Mudogo wako,
Mathe