Hapa Ukiaga Hawakuzuii

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa mlangoni unaota jua, miguu haikusumbui, na mpunga wote umeshaingia ndani kabla nguruwe pori hawajaonja. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mpaka kitandani. Kaka Kalisto, wewe unayemsomea mama, shikamoo na wewe. Soma kila neno kama lilivyo. Ukiruka nitajua.

Mama, nikueleze habari za Bi Mina, yule mjane ninayekaa kwake tangu nije Uholanzi kujifunza ufundi wa pampu za maji. Hajanitendea ubaya. Lakini majuzi alianza kunifundisha maneno ya mazungumzo ya kila siku, na unajua alianza na yapi? Ya kuondoka! "Ik moet ervandoor," yaani sina budi kwenda zangu. "Ik stap maar eens op," yaani acha niinuke sasa. Kwanza unajipiga mapajani kwa viganja, unasema "Zo!", halafu unasimama. Nikawa narudia kama mtoto wa darasa la kwanza, huku moyoni najiuliza: mwenye nyumba anayemfundisha mpangaji wake maneno ya kuondoka ana nia gani? Mbona ya kukaa hanifundishi? Nikaenda kutazama kama sanduku langu limesogezwa.

Jumapili baada ya misa nikaalikwa kahawa kwa jirani, mzee mmoja na mkewe. Walinipa biskuti moja, kisha kopo likafungwa na kurudishwa kabatini. Tukaongea, tukanyamaza, tukaongea tena. Jua likaanza kushuka. Harufu ya viazi ikatoka jikoni, na yule mama akawa anaingia na kutoka, kila mara jicho kwenye saa. Nikajua chakula kinakaribia, kwa hiyo nikaona ni wakati wa kuaga kwa adabu ili wanizuie. Nikajipiga mapajani. "Zo! Ik moet ervandoor." Nikabaki nimeinuka nusu, nasubiri niambiwe kaa kwanza, ule.

Mama, yule mzee alikuwa ameshanishikia koti!

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Nikasimama njiani nikidhani anatafuta kofia aje anisindikize walau mpaka darajani. Huku madirisha hawayafuniki, basi nikawaona kwa macho yangu wameshakaa mezani, wanakula. Niliumia sana. Nilijiona kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.

Nilimwuliza Bi Mina kwa hasira wamenifukuzia nini. Akashangaa kweli.

"Hawajakufukuza," akasema. "Walikuwa wanakungoja wewe. Hapa mgeni ndiye anayejua saa yake ya kwenda. Akisema anaondoka, kumzuia ni kumkosea, huenda ana shughuli zake. Kila ukialikwa unakaa mpaka watu wanashinda na njaa. Ndiyo maana nikakufundisha."

Niliona aibu. Kumbe mimi nasubiri waniruhusu, wao wanasubiri niwaruhusu! Hata hivyo sijamwamini moja kwa moja. Watu wanaoficha viazi jikoni hawakosi kingine wanachoficha, na yeye ni wa kwao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mafunzo yanaisha, na fundi mkuu wa karakana alinitaka nibaki mwaka mwingine. Nilipowaandikia, Kalisto akajibu kwamba mama anasema nikae hukohuko, nisiwe na haraka. Mama, maneno hayo nimeyasoma na kuyarudia, na sauti yako siisikii. Wewe humwachi hata aliyekuja kuomba moto aondoke bila kuonja kitu. Siku ile natoka hapo kijijini Kasansa nilisema, "Mama, naomba njia," ukasema, "Kaa kwanza, nyie vijana mnakimbilia nini?" Nikaaga tena, ukakumbuka karanga. Nikaaga tena, ukakumbuka kuku hajafungwa miguu. Padri aliyekuwa anipeleke stesheni akapiga honi mpaka akachoka. Mama huyo ndiye aseme nisiwe na haraka ya kurudi? Kaka, usikohoe, endelea kusoma. Chumbani kwangu umeweka nini, mahindi? Na lile bonde la mpunga alilonigawia baba, nani kalilima mwaka huu?

Ijumaa nilikwenda kwa fundi mkuu. Nikakaa, nikajipiga mapajani, nikasema maneno ya Bi Mina yote niliyofundishwa. Akainuka naye. Hapo niliogopa, maana ni mtu mwema, na angenibembeleza kama tunavyobembelezana kwetu, ningebaki. Akanipa mkono, akanitakia safari njema. Basi, imekwisha. Desturi iliyoniumiza kwa jirani, siku hiyo niliishukuru.

Nakuja, mama. Mvua za kwanza zikidondoka nitakuwa nimeshuka kwenye treni Mpanda. Kalisto aanze kuhamisha mahindi.

Nisalimie mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na shangazi anayeuza samaki wa Rukwa gulioni. Msalimie pia shemeji, mke wa Kalisto, ambaye simshuku kwa lolote. Bi Mina naye anakusalimu, ingawa sijui kwa nini.

Na nikishafika, siku nikijisahau nikajipiga mapajani na kusema naondoka, tafadhali mama, usinipe koti. Nikatalie.

Ni mimi mwanao,
Damasi