Nyumba ya Mama Kwenye Mteremko

Jumatatu, 5 Mei

Uji, dawa, mto mgongoni kwa Baba. Kisha mchezo kwenye kompyuta. Hizi ndizo asubuhi zangu tangu apatwe na kiharusi nami nikaacha kazi Dar kurudi kwetu Mtendeni.

Mchezo wenyewe ni wa maisha: unatengeneza watu, unawalisha, unawajengea. Leo nimechagua kiwanja chenye mteremko, nijenge nyumba aliyoitaka marehemu Mama. Upande wa juu msingi umezama ardhini, upande wa chini sakafu inaning'inia hewani, kuku wanaweza kupita chini yake. Baba kafanya kazi ya uashi maisha yake yote. Akacheka kwa ile nusu ya mdomo inayomtii. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Mama.

Jumatano, 7 Mei

Mteremko umenishinda. Nikabonyeza kitufe cha kusawazisha, ardhi ikawa tambarare. Baba akapiga meza kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagika.

Kakasirika kweli. Siku hizi maneno yanamtoka moja moja. "Mama yako," akasema. Nikaelewa. Kiwanja chao nje ya mji, njia ya kwenda Puge, kinashuka hadi bondeni, kwenye mbuga ya mpunga. Mama alitaka kibaraza upande wa chini, awe anakaa anautazama mpunga. Baba kajengea watu nusu ya mji huu, Mama kafia nyumba ya kupanga. Hilo linamla.

Nimeurudisha mteremko.

Ijumaa, 9 Mei

Baba kaagiza nimletee mpira wake wa kazi, bomba refu la kupimia usawa, lile linaloonyesha maji ndani. Mtu mmoja anashika ncha upande wa juu wa kiwanja, mwingine upande wa chini. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja kwenye ncha zote mbili, unaweka alama. Tumejaribu uani. Mkono wake unatetemeka. Maji hayakutulia hata mara moja, na yeye hakuacha kuyatazama.

Anataka msingi uanzie kona ya chini, ukipanda ngazi kwa ngazi. Nikajenga hivyo kwenye mchezo. Ukakaa vizuri. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo akasema, "Jumatatu. Tukapime."

Anadhani ninachora ramani ya nyumba ya kweli.

Kiwanja hakipo. Mimi na Kaka Idi tulikiuza Baba akiwa hospitalini, hajitambui. Idi alisema huyu haamki tena. Nikatia sahihi. Akaamka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia Idi. Anasema nikimwambia Baba nitamuua. Rahisi kusema, yeye yuko Mwanza.

Nimejenga kutwa nzima. Paa, madirisha, jiko la nje. Baba anaitikia kwa kichwa kila ukuta unaposimama. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 12 Mei

Narudi kutoka sokoni, kiti kitupu. Mpira haupo. Jirani yetu Mama Sele akaniambia Baba kaita bajaji, kavaa shati lake la kazi.

Nikapanda bodaboda. Nimemkuta ndani ya bajaji kando ya kiwanja, mpira mapajani. Aliyenunua kauchonga mteremko wote kwa tingatinga, na kuta zimeshafika usawa wa madirisha. Mafundi walikuwa wakimwamkia Baba, hakuwasikia. Wala hakuniuliza nani kauza. Alisema neno moja tu: "Wamesawazisha."

Njia nzima ya kurudi nilimshika bega. Hakulitoa, lakini hakunitazama.

Jumatano, 14 Mei

Nimemweleza yote. Nimepiga magoti, nimemwomba radhi. Kageukia ukutani.

Uji wangu haugusi. Akilishwa na Mama Sele, anakula. Mimi nakaa jikoni nawasikiliza. Bora angenitukana.

Jumamosi, 17 Mei

Namwamkia kila asubuhi. Haitikii.

Jumanne, 20 Mei

Nilifungua mchezo ili niifute ile nyumba. Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Baba anajisukuma kwa mguu mmoja kuja mezani. Ilimchukua muda. Sikumsaidia, niliogopa.

Akaweka kidole kwenye kibaraza. "Shusha." Kweli. Mama alikuwa na magoti mabovu, ngazi tatu zingemtesa. Nikashusha mpaka ikabaki moja. Akaikagua kona ya chini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mweke."

Siku zote hizi nimejenga nyumba, sijamtengeneza Mama mwenyewe. Nikamtengeneza. Mfupi, mnene kidogo, gauni la kijani. Khanga kwenye mchezo hazimo. Nikamkalisha kibarazani, uso kuelekea bondeni. Mpunga nao haumo, kuna majani tu. Baba akamtazama, hadi saa ya dawa zake ikapita.

Nikalia. Hakunikataza.

Baadaye akaomba uji. Ulikuwepo wa asubuhi, umebaki kidogo. Nikaupasha moto, nikamshikia kikombe. Kanywa nusu.