Skuli Yako na Skuli ya Bashayer

Al-Khuwair,
Maskati.
Alkhamisi, 25 Septemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Nasriya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hamdan na Hamood, na kwamba kile kifua chako kimetulia kabla baridi ya huko Uingereza haijaanza. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Joto limepungua kidogo, asubuhi mtu anaweza kufungua dirisha. Marhoon sukari yake imeshuka tangu nilipoanza kumficha halua, na mimi goti langu ni lile lile unalolijua.

Barua yako ya kurasa sita ilifika Jumatatu, pamoja na kile kijitabu cha skuli unayosomesha. Nimekitazama chote. Picha ya maabara yako nimeitazama zaidi, wewe umesimama mbele na koti jeupe, watoto wa kila rangi wamekuzunguka. Umependeza. Nimekitia kabatini chini ya mashuka, na sababu yake utaijua ukifika mwisho.

Ulipopiga simu mwanzo wa mwezi nilikwambia kwamba mwanangu Bashayer hakupata alama za kutosha kuingia ilmi, yaani upande wa sayansi, kwa hivyo wamemtia adabi, upande wa historia na lugha. Hukukubali. Kurasa nne umelinganisha skuli zenu na zetu, na mbili za mwisho ni barua ya malalamiko ya kupelekwa wizarani, imeshapigwa taipu kwa jina la Marhoon kama baba wa mtoto, inangoja saini yake tu. Ndivyo ulivyo tangu utotoni, ukikasirika mikono yako inatangulia. Nitakujibu kwanza hayo ya skuli, kwa sababu ndiyo mepesi.

Unasema skuli yako ya komprehensivu inamchukua kila mtoto wa mtaa bila ya mtihani wa mlangoni. Mtoto wa daktari na mtoto wa dereva wa basi wanakaa darasa moja, na mwenye kuchelewa kufahamu anangojewa. Mji wa pili kutoka kwenu, unasema, bado wanazo zile skuli za grama. Huko mtoto anapimwa akiwa na miaka kumi na moja, akishinda anakwenda huku, akishindwa anakwenda kule, na wale wa kule wanajiona wameshindwa mpaka wanazeeka. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kuchemsha chai. Wewe mwenyewe unajua kwa nini.

Kisha ukamtaja mwanao Hamood. Sote tunakumbuka mtoto ana miaka tisa hajui kusoma, tunamwombea dua huku na huko. Leo yuko chuo kikuu anasomea uhandisi, kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango mapema. Wallahi nilifurahi kwa ajili yake. Furaha hiyo ilidumu mpaka chini ya ukurasa, halafu nikaona kijicho. Wanangu watatu wakubwa wamesoma vizuri na wana kazi, lakini hapana hata mmoja wa kumhadithia hivyo.

Jambo moja nakusifu, hukuficha aibu za kwenu. Umesema skuli ina watoto elfu na mia tatu, kuna makelele, na mtoto mkimya anaweza kukaa mwaka mzima mwalimu hajui sauti yake. Umesema hata humo ndani, kwenye hesabu, wanagawiwa makundi, wepesi mbali na wazito mbali. Na wenye uwezo wananunua nyumba karibu na komprehensivu iliyo nzuri. Basi na nyinyi mnachagua, ila mnachagua kwa nyumba.

Na hapa kwetu si kama unavyodhani. Skuli ya Bashayer ni ya serikali, anaingia kila msichana wa mtaa. Binti wa mkurugenzi na binti wa mvuvi aliyehamia kutoka Qurayyat wanavaa maryula, zile gauni za skuli, za rangi moja na wanakula sambusa za duka moja. Mpaka wanamaliza mwaka wa kwanza wa thanawiya, yaani sekondari, wote wanasoma masomo yale yale. Kwa hivyo mpaka hapo na sisi ni komprehensivu, tena bila ya kijitabu cha picha. Jirani yangu Shaikha yeye amempeleka wake skuli ya Kiingereza ya kulipia, na matokeo yake ni kuwa mtoto sasa anazungumza na bibi yake kwa ishara. Mimi sikutaka hiyo.

Kwetu mgawanyo unakuja baadaye, mtoto akiwa na miaka kumi na sita. Inakuja karatasi nyumbani, ina sehemu mbili, ilmi na adabi. Mzazi anatia alama kwenye sehemu moja, anatia saini, basi. Wako anaweza kusoma kemia na historia na kuchora kwa pamoja mpaka ajijue. Wangu akishaingia adabi, kemia na fizikia ameshaagana nazo, na ufamasia anaoutaka ndio hivyo tena.

Sasa nije kwenye mazito. Nasriya, mimi nakuonea wivu. Sijakwambia hata siku moja, na nadhani hukupata kushuku, maana wewe kila mtu umpendaye unadhani anakupenda vile vile bila ya kasoro. Nimeanza kukuonea wivu mwaka 1962, na leo ni mama wa watoto wanne bado sijamaliza.

Unaikumbuka siku yalipobandikwa majina ya darasa la nane, ya waliopata kuingia sekondari? Mimi mkubwa, wewe ulirushwa darasa ukanikuta, tukafanya mtihani siku moja. Jina lako lilikuwa la nne. Langu nililitafuta juu mpaka chini, kisha nikalitafuta kutoka chini mpaka juu. Baba alisema usiku ule kwamba nafasi za wasichana ni chache na Mungu amegawa. Mimi nikatiwa kwenye cherehani. Yunifomu yako ya kwanza ya sekondari niliishona mimi, na pindo la sketi nililipinda mara mbili ili uivae miaka miwili. Kila asubuhi uliipita sebule nimekaa pale pale, ukaniambia "Kwaheri, da Mahfoudha," nami nikaitikia.

Basi nilimuomba Mungu anipe binti atakayekaa na mimi. Akanipa Bashayer, kitinda mimba. Nilikuwa namsuka huku ananisomea Kiarabu chake, mimi nikimsahihisha na kumbe nakosea, yeye ananiachia.

Ukaja wewe na likizo yako ya Agosti. Siku ya kwanza tu ulimpeleka jikoni, ukatia magadi kwenye glasi, ukakamua ndimu, likatoka povu mpaka mezani, na mtoto akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu ana miaka mitano. Siku tuliyokwenda pwani ya Qantab mimi nilikaa kwenye mkeka na chupa ya kahawa na tende, nyinyi wawili mko majini mnachota maji ya bahari kwa sufuria yangu. Mkarudi nayo nyumbani, mkaichemsha hadi ikakauka, akanionesha chumvi iliyobaki chini kama ameniletea dhahabu. Nikamwambia sufuria yangu imeungua. Hilo ndilo neno nililolipata.

Tangu siku hiyo ikawa khaleti, yaani wewe ndugu wa mama yake, kasema hivi, khaleti kasema vile. Skuli ya khaleti wasichana wanachanganya madawa wenyewe. Skuli ya khaleti huulizwi baba yako nani. Uliporudi Uingereza alikaa chumbani siku mbili. Nikajua mambo yatakavyokwenda. Atasoma sayansi, atafaulu, atataka kusomea ufamasia huko kwenu, atakaa chumba cha Hamood, na mimi nitakuwa mtu wa kupigiwa simu sikukuu.

Wiki ya kwanza ya kufungua skuli ililetwa karatasi. Marhoon alikuwa Salalah kwa kazi, na mambo ya skuli tangu zamani ananiachia mimi. Alama za Bashayer zilikuwa themanini na saba kwa mia. Mudira, mwalimu wao mkuu, alikuwa ameandika kwa mkono wake pembeni kwamba anafaa ilmi. Mimi nikatia alama adabi, nikatia saini, nikaikunja, nikampa aipeleke. Nikamwambia alama zake hazikutosha. Wewe nikakwambia hivyo hivyo kwenye simu.

Hapana skuli iliyomkosea, Nasriya. Hapana wizara. Ni mimi.

Barua yako ilipofika, Marhoon aliyasoma malalamiko yote, akatoa kanzu yake mpya ya dishdasha, akasema kesho asubuhi anapita wizarani kabla ya kwenda kazini. Umeandika humo kwamba mudira amefanya uzembe. Mwanamke yule hajafanya ila wema. Sikuweza kumwacha Marhoon aende. Nilimwambia ukweli pale pale kwenye meza ya chakula. Akauliza, "Huyu mtoto kakukosa nini?" Mtoto hakunikosa kitu.

Nikaenda kwa Bashayer. Nilikuwa nimeyapanga maneno, sikuyafikisha mbali.

"Nnajua, mama," aliniambia. "Karatasi n'lipeleka mie mwenyewe. Niliifungua ndani ya basi."

"Kwa nini hukunambia?"

"N'likuona khaleti alipoondoka, vile ulivyokuwa unantazama. Nkasema basi, mie ntakaa na wewe. Historia nayo si mbaya."

Alisema hivyo huku anakunja nguo, sauti ya kawaida kabisa. Karibu wiki tatu amekaa darasa asilolitaka, anarudi, ananisalimu, ananisaidia vyombo, na anajua. Mwanangu alinichagua mimi. Maisha yangu yote nilidhani siku nikichaguliwa mimi nitafurahi. Nilitoka nikaenda kukaa chooni kwa sababu ndipo mlango unapofunga kwa ndani.

Jana Jumatano nilikwenda skuli. Nilivaa abaya ile ya sikukuu, sijui kwa nini. Mudira alinipokea kwa kahawa, nikamweleza kwamba kosa ni langu, sikumwambia lote lakini nilimwambia la kutosha. Akasema orodha zitafungwa mwisho wa mwezi, nafasi ipo. Nikatia saini nyengine. Jumamosi Bashayer anaanza ilmi. Barua yako ya malalamiko nimeichana, usimwandikie tena mtu mwengine.

Baba yake alipompa habari hiyo, Bashayer alimkumbatia yeye kwanza, kabla yangu. Nimeona. Bado naona kila kitu, usifikiri nimeshapona. Hivi ninavyoandika, kijicho ninacho. Naionea maabara yako, nalionea koti lako, naionea ile glasi ya ndimu na magadi, maana vyote viwili vilikuwa jikoni kwangu miaka yote na sikujua kwamba vinaweza kumchekesha mwanangu.

Sasa nina ombi, na si rahisi kwangu kukuomba. Mtoto ameachwa nyuma karibu wiki tatu za kemia na fizikia, na abla, mwalimu wao wa masomo hayo, ana wasichana arubaini, hawezi kurudi kwa ajili ya mmoja. Mfunze wewe. Kila wiki mwandikie somo ulitume kwa faksi ya ofisini kwa Marhoon, ameshakubali. Ukitaka aje kwako likizo ya kiangazi kijacho, nitamfungia begi mwenyewe.

Lakini masomo hayo yaandike kwa Kiswahili. Yeye skuli anasoma kwa Kiarabu, wewe unasomesha kwa Kiingereza, nyinyi wawili mtakutana kwenye Kiswahili. Na Bashayer, kama ujuavyo, Kiswahili anakisema tu, hakisomi. Itabidi nimsomee mimi, sentensi kwa sentensi, nimekaa naye pale mezani. Usinicheke. Ndiyo sharti langu. Na pahali ambapo mtu wa darasa la nane hatafahamu, ongeza maelezo.

Nisalimie shemeji Hamdan, mwambie Marhoon anamdai mchezo wa keram. Nisalimie Hamood, mwambie khaleti wake anamwombea mitihani yake. Marhoon na Bashayer wanakusalimu, yeye Bashayer anauliza somo la kwanza litafika lini. Mungu akulinde na baridi, akubarikie mikono yako na wanafunzi wako wote, wepesi na wazito, na atukutanishe na roho nyeupe kuliko tulivyoachana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokuonea wivu,

Mahfoudha