Alibaki Amekaa

Jumapili, 1998

Eti huwezi kumpenda mtu usiyemjua! Ni Dezire wangu aliyesema hivyo, na mimi mjinga nikamwamini.

Yeye alinieleza yote: baba yake aliyeuawa barabarani, usiku anaolala na viatu miguuni, tayari kukimbia vita. Kila alivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kumpenda. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, na leo tukila mishikaki akalalamika.

"We hauniambiaka kitu. Mi nitapenda namna gani mutu mwenye sijui?"

Basi nikamwambia. Hapa Nyakabiga nakaa kwa shangazi tu. Nimezaliwa Kinama, mtaa ambao watu wa huku wanasema ndiko walikotoka waliomuua baba yake.

Hakupiga kelele. Alifuta mdomo, akauliza, "Na shangazi yako, naye ni wa kule?"

Nikaanza kukusanya vijiti vya mishikaki. Nadhani alielewa.

Nilipoinuka, alibaki amekaa. "Uende muzuri," akasema, akiitazama chupa yake. Huku kwetu hata mgeni aliyekuchosha unamsindikiza kidogo. Mimi sikusindikizwa hata hatua moja. Nimelia njia nzima, pumbavu mimi, nikililia mapenzi.

Kumbe mapenzi si kitu. Shangazi ameolewa hapa, na majirani hawajui alikozaliwa; mtu wa kule akijulikana huku, huuawa. Amelala, sijamwambia. Mimi nasikiliza kila anayepita nje.

Miezi yote hii Dezire alikuwa akinisindikiza mpaka mlangoni. Mlango wetu anaujua.